Bolti ya Tabaka la Tatu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakupa mbili kwa mpigo, moja yako na nyingine umfikishie Shangazi mapema, kabla hajaanza kulalamika kwamba barua zangu humsahau. Goti linaendeleaje? Dereva anayeniletea vyuma amenieleza kuwa alikuona juu ya paa, nyundo mkononi, siku tatu tu baada ya daktari kukukataza kupanda ngazi. Sisemi kitu. Naulizia goti tu. Mimi ni mzima kabisa, nakula vizuri, na kile kidole kilichoungua kimeshaota ngozi mpya. Nasikia miwani yako mpya inakupendeza; basi ivae uisome barua hii mwenyewe, usimpe Shangazi akusomee. Ningepiga simu, lakini simu zako zote yeye huziweka sauti kubwa, na huko mbele kuna mambo ya masikio yako peke yako.

Uliniuliza kwa nini miezi mitano sijaonekana nyumbani, na Shangazi akaongeza chini ya barua yako, kwa mwandiko wake wa kukanyagana, kwamba kama naumwa niseme, na kama nimepata bwana niseme haraka zaidi. Jibu fupi ni kwamba nilikuwa natengeneza rafu. Jibu refu linahitaji ukae kitako.

Kuna hoteli moja hapa mjini, ya ghorofa tatu, ambayo iliniita mwezi wa pili nikachomelee mguu wa meza ya jikoni. Baba, ungeliona jiko lile! Urefu wake hatua ishirini, upana wake ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Upande mmoja majiko na oveni, upande wa pili masinki na rafu za chuma zilizofungwa sakafuni tangu hoteli ijengwe. Katikati inabaki njia ya mtu mmoja na nusu. Wapishi tisa wanapishana humo kwa ubavu, sufuria juu ya vichwa, kila mmoja akipiga kelele za moto, moto, hata aliyebeba kitunguu. Siku za mikutano mikubwa wanaandaa sahani mia tatu, rafu hazitoshi, na sahani zinapangwa mpaka kwenye ngazi za nyuma. Siku nyingine wageni ni thelathini, rafu zimebeba hewa tupu, lakini nafasi zimeikalia vilevile.

Meneja wao ni mama mmoja mwembamba, amenyooka kama rula, na siku ile nilikuwa bado sijayaona meno yake. Alikuwa anazungumzia kubomoa ukuta, ila nyuma ya ukuta kuna duka la dawa la watu wengine. Basi nikajitia kimbelembele. Nikamwambia kwamba rafu zinaweza kutengenezwa za kukunja, siku ya wageni wengi zikafunguliwa, siku ya wachache zikaegemea ukuta kwa unene wa kiganja. Akaniuliza kama nimewahi kutengeneza hata moja. Nikajibu kwamba nitatengeneza. Unanijua, mdomo wangu hutangulia mkono.

Akanipa masharti. Nitengeneze mbili, zikae miezi miwili jikoni, na kila hitilafu iandikwe kwenye daftari la matengenezo linaloning'inia mlangoni kwa kamba. Miezi miwili ikiisha na rafu zangu hazijaandikwa vibaya, nitatengeneza nyingine ishirini kwa majiko yote matatu ya hoteli zao. Ishirini, Baba! Hiyo ni kazi ya kunitoa kwenye kona ninayojibanza katika karakana ya watu, nikafungua ya kwangu, mlango wangu, kufuli langu. Tangu niondoke hapo nyumbani sijataka kitu kingine kama hicho.

Rafu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilikwenda kupima siku ya Jumapili, jiko limefungwa, hakuna mtu, kimya. Vipimo vyote vikakaa sawasawa. Jumatatu tukaifungua, mlango wa oveni ukagoma kufunguka, na mpishi mmoja akabaki kabanwa katikati na sinia la mikate mibichi, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Mpishi mkuu alicheka mpaka akashika meza. Huyu wenzake wote wanamwita Kijiko, kwa sababu ya kijiko cha kuonjea ambacho hakitoki kwenye mfuko wake wa kifuani hata siku za mapumziko. Nusura nimpige na spana. Kisha akafuta machozi, akaniambia kwa upole kwamba nilichopima ni chumba, jiko sijalipima bado, nije mchana kazi ikiwa imechanganya, nisimame nione.

Nikaenda. Nilisimama tangu saa tano hadi saa tisa, nikasogezwa mara saba, nikamwagiwa supu kwenye viatu. Lakini nilitoka na kitu: mpishi hana mkono mtupu hata dakika moja, na rafu yangu ilitaka mikono miwili ili kuichomoa pini inayoizuia isikunjike. Nikairudia yote. Sasa pini inaachia kwa kikanyagio cha chini. Unakanyaga, unasukuma kwa nyonga, matabaka matano yanapanda na kulaliana, mbavu mbili zinafumbana kama kitabu, magurudumu yanaipeleka ukutani. Kijiko aliijaribu akiwa na sinia begani. Mguu, nyonga, kwisha. Akaifungua na kuifunga mara tisa, na wapishi wakampigia mifuniko ya sufuria. Siku hiyo wageni walikuwa wachache, kwa hiyo rafu zote mbili ziliegeshwa, na wakaingiza meza katikati ya jiko wakala chakula cha mchana wakiwa wamekaa. Mama anayeosha vyombo aliniambia ana miaka kumi na mmoja humo ndani na hajawahi kukaa. Mimi nikajifanya jasho limeniingia machoni.

Sasa huyo Kijiko. Ana miaka arobaini na minne, kitambi cha kazi yake, na akiwa peke yake husemezana na sufuria. Aliona ninakula nimesimama, akaanza kunifunikia sahani na kuniwekea kiti. Siku moja akaniuliza ninajuaje kama chuma kimeshika vizuri, nikamwambia ninasikiliza, mlio unabadilika. Akasema hata yeye vitunguu huvijua kwa mlio. Tukazungumza habari za moto mpaka supu ikakaukia, na kwa mara ya kwanza, wapishi wanasema, hakumlaumu mtu. Damu zetu zilipatana, Baba, sina namna nyingine ya kulisema.

Wiki moja baada ya kukabidhi rafu, tatizo likaanza. Bolti ya tabaka la tatu, kwenye rafu ile ile ya kwanza, ililegea, tabaka likainama, na sinia likateleza. Meneja akaandika kwenye daftari. Nikaenda siku ile ile nikaikaza. Wiki iliyofuata ikalegea tena. Nikaongeza nati ya pili juu ya ile ya kwanza. Ikalegea. Nikang'oa bolti nzima nikaweka mpya. Ikalegea! Ni hiyo tu, wenzake wote wametulia. Daftari likawa na mistari minne, kwa mwandiko ulionyooka kama mwandishi wake, na meneja akaniambia kwamba hangoji miezi miwili iishe, Jumamosi ataniita anipe uamuzi. Uso wake ulikuwa umeshautoa. Kila nilipokwenda kurekebisha nilikuta sahani imefunikwa na kiti kimewekwa, nikala kwa furaha na hofu kwa pamoja, maana karakana yangu nilikuwa naiona inaondoka hivi hivi.

Hapa, Baba, vua miwani uifute, kisha uendelee.

Mara ya kwanza, bolti ile niliilegeza mimi. Siku ya kukabidhi nilizikaza zote, nikaijaribu kila moja kama ulivyonifundisha, nikafika kwenye ile ya mwisho. Nikawaza kwamba nikishaikaza hii, sina tena sababu ya kuingia jiko hili. Nilisimama na spana mkononi muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Halafu nikairudisha nyuma nusu mzunguko. Nikatia spana kwenye mfuko, nikaaga watu kama mtu mwaminifu. Wewe uliwahi kuacha chakula mezani ukarudi kwa miguu hadi shuleni, mvua inanyesha, kwa kuwa ulikuwa na shaka na nati moja ya geti ulilowafungia. Mimi nilikuwa na wewe siku ile, nimekushikia mwavuli. Na mimi huyo huyo ndiye niliyeacha bolti imelegea kwa kukusudia, juu ya vichwa vya watu wanaobeba vitu vya moto. Sijitetei. Nimeona aibu kila siku tangu hapo, na aibu kubwa si kwa meneja, ni kwako.

Ila nilifanya mara moja tu. Mara zile nyingine niliikaza kwa nguvu zangu zote, ndiyo maana nilikuwa karibu kupata wazimu.

Jumamosi nikapiga moyo konde. Niliona bora nizikose hizo rafu ishirini kuliko yule mama aamini kwamba kazi ni mbovu, wakati mbovu alikuwa fundi. Nikaenda asubuhi, kabla hajaniita. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Ndani amesimama Kijiko, aproni mwilini, ameinamisha kichwa, na juu ya meza ya meneja kuna spana ya mitungi ya gesi. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kueleza. Kwamba bolti ilipolegea mara ya kwanza, mimi nilifika kabla ya saa sita, na yeye akaona kumbe ndiyo njia. Tangu hapo amekuwa akiilegeza mwenyewe kila Jumanne baada ya chakula cha mchana. Kwamba rafu haina kosa, fundi hana kosa, na kama kuna mtu wa kufukuzwa ni yeye.

Nikaingia. Kisha nikasema na ya kwangu, yote, pamoja na ile nusu mzunguko. Kijiko aligeuka akanitazama kama mtu aliyeonja kitu asichokitegemea.

Meneja alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaitazama spana. Halafu, Baba, rula ikapinda. Yule mama alicheka mpaka akaanguka kitini, akatafuta leso hakuiona, akajifutia kwa kalenda. Alipopata pumzi akauliza inakuwaje watu wawili, wenye miaka themanini na miwili ukiwajumlisha, washindwe kuambiana twende tukanywe chai. Akavuta daftari, akaikata mistari yote minne, na chini yake akaandika kwamba rafu ni nzima, hitilafu ilikuwa ya watu.

Rafu ishirini amenipa. Lakini hakucheka hadi mwisho. Amemkataza Kijiko kugusa spana ndani ya majengo yao, na mimi ameniwekea sharti kwamba kila rafu nitakayoleta ikaguliwe bolti kwa bolti na fundi wao kabla sijaondoka. Hilo liliniuma, nikalikubali kwa kuwa nimelitafuta mwenyewe. Karakana nimeshaipata, ina mlango mpana na mwanga wa asubuhi. Kwa upande wa Kijiko, tulitoka ofisini tukasimama stoo, katikati ya magunia ya unga, akaanza kuniuliza jambo ambalo alilizunguka sana, na mimi nikajibu ndiyo kabla hajafika mwisho. Nina furaha, Baba. Naandika huku nacheka peke yangu.

Anataka kuja kuonana nawe. Mimi nikamwambia haji kabla sijakueleza habari ya bolti. Sitaki utupe baraka zako huku ukidhani mkono uliouzoesha nyundo haujawahi kukukosea. Umenikosea nini wewe, hata nikufiche? Nisamehe, ukiweza.

Shangazi msimulie habari ya bwana, atafurahi. Ya bolti tubaki nayo sisi wawili. Majirani wote wa upande ule wasalimie, na goti ulipumzishe. Dereva anaondoka na barua hii leo Jumatatu, itakuwa mkononi mwako Jumatano asubuhi. Mimi na Kijiko tutaingia Ijumaa mchana, na chakula anakuja nacho yeye. Kwa hiyo una Jumatano nzima na Alhamisi nzima za kunikasirikia, na ninastahili, wala usijibane, kasirika kwa nafasi. Ila Ijumaa, Baba, nakuomba nikukute umemaliza.

Mwanao anayekupenda,

Cheche