Harufu ya Shamba la Kiwanja

Ndosho, Goma

Kwako Mama Angèle, huko kambini Uganda,

Bado ninapumua, ila ngazi za maabara zimenishinda. Hapa mvua inanyesha juu ya mawe ya volkano, wala haileti harufu yoyote.

Unakumbuka udongo niliochota shambani kwako Kiwanja, kabla vita havijakufukuza? Uliniuliza, "Donat, umefuata nini huku?" Nikajibu, "Udongo."

Niliwaambia wenzangu kwamba bakteria wake watatupatia dawa. Hawakuua hata kijidudu kimoja. Hata hivyo nimewalisha na kuwahamishia chupa mpya hadi leo. Mpwa wangu Charline hunicheka: "Muzee, hii dawa yako inaponya nani? Inanuka udongo tu."

Ndiyo harufu hiyo ninayoitunza. Bakteria hawa wakishiba hukua tu. Chakula kikipungua, huacha kukua na kuanza kuitoa, ile ile ya shamba lako baada ya mvua.

Charline atakuletea chupa moja. Mimi sitafika, daktari amesema wazi. Ifungue, unuse, kisha uniulize tena nilifuata nini.

Nilikufuata wewe.

Donat