Tumbo Linaloninyang'anya Fimbo

Mpendwa Mama Fuatino,

Naomba msaada wako, lakini kwanza ujue anayekuandikia ni nani, maana gazeti lenu hupokea barua za watu wa kila namna na mimi si wa kila namna. Mimi ni Pesamino, msemaji wa kijiji, na upande huu wote wa kisiwa chetu cha Savaii, hapa Samoa, hajazaliwa mtu wa kusimama uwanjani na fimbo na usinga begani kama mimi. Siku ya kufungua kanisa la watu wa kijiji cha juu nilisema mpaka mvua iliyokuwa inakuja ikageuka ikaenda kunyesha kisiwa cha Upolu, na mchungaji wao alilia, na mbwa walikaa chini wakasikiliza. Shule niliacha mapema kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha.

Basi mtu huyo ana tumbo, na tumbo hilo, Mama, lina akili zake. Linaweza kufunga siku nyingi, nikakaa chooni kama kuku anayeatamia na nikatoka mikono mitupu, halafu likafunguka lenyewe bila hodi, nikawa nakimbia huku nimeshika kikoi, na katikati ya hayo linajaa, linauma, linanguruma wakati wa sala mpaka kwaya inakosa sauti. Nikishakwenda, maumivu yanapungua, kisha yanarudi. Mimi si mtu wa kulalamika, mimi nataka kujua. Kwa nini nikienda kuvua nje ya miamba linakaa kimya kama mtoto aliyeshiba, na nikivaa vizuri kwenda uwanjani linaanza? Kwa nini shelisheli la Jumatatu linanipenda na shelisheli la Jumapili linanitukana, na mti ni ule ule? Je, tumbo lina kalenda?

Nilikwenda zahanati kwa nesi Perise, binti niliyemwona akitambaa, akanibonyeza, akaniuliza kama naona damu, kama nakonda. Nikamwambia anitazame vizuri kwanza. Akasema si ugonjwa wa kuua, ni utumbo mwepesi wa kukasirika, na nyuzinyuzi kwenye chakula zinaweza kusaidia. Akanipa pumba za ngano kwenye mfuko, akasema, "Mzee, anza na kijiko kimoja kwenye uji, unywe na maji ya kutosha, uongeze polepole."

Sasa hapa nisaidie, Mama. Nguruwe akichinjwa, mguu wake ni wangu kwa haki ya cheo, na unaletwa mzima mbele za watu. Leo binti wa jirani ananipimia kwa kijiko kama mtoto anayeota meno? Nilirudi nyumbani nikala bakuli, asubuhi na jioni, nikazitafuna kavu, juu yake nikaongeza magimbi na maganda yake ili mambo yaende upesi. Mke wangu Lagimaina aliniangalia akasema, "Mume wangu, chakula hicho ndicho tunachomnenepeshea nguruwe." Nikamuuliza, je, umewahi kumsikia nguruwe wetu akilalamika tumbo? Akaenda zake kumlisha huyo nguruwe. Lakini nilivimba, Mama, nilivimba mpaka mkanda ukakataa kukutana, na usiniulize kuhusu sauti.

Nikabadilisha utafiti. Sasa siku ya hotuba sili kabisa tangu jana yake, nakunywa koko nyeusi tu, kakao isiyo na maziwa, ili kuchangamka, halafu kava, kinywaji chetu cha mizizi cha barazani, pamoja na wazee, halafu nikimaliza kusema linaletwa sinia: magimbi, majani ya magimbi yaliyoiva kwenye tui zito, nyama ya kopo, samaki. Mwenye cheo harudishi sinia. Nalimaliza. Na hapo ndipo tumbo linapoandaa hotuba yake.

Ningevumilia, ila sasa jambo limeingia kwenye ukoo. Dada yangu Taligi amekuja kutoka Auckland ili mwanawe Neueli avishwe jina la cheo la babu yetu. Mjomba ni mimi, wa kumsimamia ni mimi. Lakini unajua wasemaji hushindania fimbo kwanza, kwa maneno ya heshima, mpaka mmoja aachiwe, na mara mbili zilizopita nimemwachia Alosio, mtu mwenye sauti ya bati linalopigwa na upepo, ambaye majina ya wazee wetu huyachanganya kama karata. Habari zikamfikia dada. Alimwambia Lagimaina hivi, na Lagimaina akaniletea neno kwa neno: "Kama kaka hamtaki mwanangu, aseme. Nitafunga mikeka yangu ya sherehe nirudi nilikotoka."

Na siwezi kumweleza. Ingekuwa jipu la mgongoni ningemweleza. Lakini mtu na dada yake hawazungumzi mambo ya chini ya mkanda, wala mzaha wa chooni hautajwi akiwa ndani ya nyumba, ndivyo tulivyolelewa, na mimi ningejitupa kwenye miamba kabla sijasema neno "choo" mbele ya Taligi. Kwa hiyo anaamini namdharau mtoto wake, mtoto ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea kabla hawajahamia ng'ambo. Nifanye nini na tumbo hili kabla ya siku hiyo?

La mwisho, na hili kama lazima ulichape basi lichape kwa herufi ndogo. Kijiji kinasema nilimwachia Alosio kwa unyenyekevu. Mchungaji amelihubiri, na mimi nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Ukweli ni kwamba ile mara ya pili sikumwachia fimbo. Nilimrushia, nikakimbia kupitia nyuma ya jiko la mchungaji, na sikufika.

Ni mimi,
Msemaji

*

Ndugu yangu Msemaji,

Majina yote nimeyabadilisha, lako, la mkeo, la dada yako, hata la nesi. Ile mvua nimeiacha kama ilivyo, maana kila msemaji wa Savaii ananiandikia kuwa ni yake.

Pole sana. Nasema pole kwanza kwa sababu maumivu hayo ni ya kweli na wengi wanayaficha hivyo hivyo, wakubwa kwa wadogo. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Umeuliza swali zuri kuliko ulivyojua. Tumbo halina kalenda, kalenda unayo wewe. Hofu ikikaa kichwani, utumbo unaisikia na kujikunja. Ndiyo maana ukivua samaki utumbo unatulia na ukishika usinga unaanza. Shelisheli la Jumapili halina kosa. Kosa ni tui zito lililolizunguka, na njaa ya tangu jana uliyokaa nayo, na sinia zima ulilolishusha juu ya hiyo njaa kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu nyuzinyuzi, ziko za namna mbili. Kuna zinazolainika na maji zikawa na utelezi, kama uji wa shayiri, papai lililoiva, karoti na boga vilivyochemshwa. Hizo ni za upole, huweza kulainisha choo kigumu na kukishikanisha kinachokimbia. Na kuna zinazokwangua kama ufagio wa chelewa, ndizo pumba na maganda. Ufagio una kazi yake kwenye sakafu ya simenti, lakini wewe umefagia kidonda, tena kwa bakuli, tena bila maji. Binti wa watu alisema kijiko. Kijiko hakipimi cheo, kinapima dawa.

Pumba mrudishie nguruwe. Kula uji wa shayiri kidogo asubuhi, ukiona tumbo limekubali baada ya siku kadhaa, ongeza kidogo. Magimbi menya. Jaribu kitu kipya kimoja kwa wakati mmoja, usijaribu vitatu kwa pamoja, la sivyo hutajua nani alikutukana. Tui liwe lile jepesi la kukamua mara ya pili. Kunywa maji siku nzima. Koko nyeusi punguza, nyama ya kopo punguza, kava onja tu. Na siku ya hotuba usishinde na njaa: kula gimbi dogo lililochemshwa na supu nyepesi mapema, ukae, utembee kidogo, ndipo uvae.

Halafu hilo sinia. Nani alikwambia ulimalize? Mwenye cheo huwekewa sinia zima ili aheshimiwe, kisha walio nyuma yake nao wale. Chukua kidogo, lisukume mbele, sema, "Vijana, kuleni." Hao vijana wako wamekuwa wakilala na njaa kwa ajili ya tumbo ambalo nalo lilikuwa halitaki.

Rudi kwa nesi wako, mweleze ukweli wa bakuli, na kwa umri wako mwombe akupime zaidi. Ukiona damu, ukikonda bila sababu, au maumivu yakikuamsha usingizini, usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu Alosio, mwone kabla ya sherehe, mtu na mtu. Mwambie tumbo lako halina uaminifu na kwamba utahitaji hotuba fupi na njia wazi ya kutokea. Atacheka. Mwache acheke, akimaliza atakusaidia, kwa sababu naye ana tumbo. Yale majina ya wazee mfundishe wewe mwenyewe, ili hata ukilazimika kutoka katikati mtoto asipewe jina la mtu mwingine.

Nimekuja sasa kwa dada. Hapa ndipo nilipokukasirikia, kwa sababu umefanya utafiti wa pumba na wa koko na hukutafiti jambo lililokuwa ndani ya nyumba yako. Mila inakuzuia wewe kuzungumza na Taligi. Haimzuii mkeo. Wanawake wawili wakikaa kusuka mikeka, hakuna neno la mwili wa mwanadamu wasiloweza kulisema. Lagimaina alikuletea neno la dada yako, nawe hukumpa jibu la kurudisha, kwa sababu ulikuwa unaona aibu hata mbele ya mwanamke anayekufulia kikoi.

Mtume. Amwambie Taligi hivi: kaka yako anaumwa, hakumkataa mtoto, na atasimama. Asiongeze, asipunguze. Mtume leo, kabla ya sala ya jioni, maana mikeka hufungwa haraka kuliko tumbo linavyopona.

Wako,
Mama Fuatino