Injini ya Baba Iko Uani, Chini ya Turubai

Nyumbani kwa Mama,
Al Mawaleh, Maskati.
Jumamosi, 8 Novemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mastura,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Mimi mzima, alhamdulillah, ila mgongo, na sababu ya mgongo utaijua huko mbele. Wewe hali yako? Shemeji yangu Azzam kikohozi kimemwacha, au bado anakunywa tangawizi na kujiita mgonjwa? Na Lujain wangu, ambaye mjomba wake anamjua kwa picha tu, keshaota tena meno ya mbele? Huku joto limevunjika. Tunalala bila ya kiyoyozi na Mama keshaitoa shali yake kabatini.

Najua utashangaa kupata barua na hali juzi tu tumeongea. Lakini kila nikilitaja gari la Baba kwenye simu wewe hunyamaza, na mimi nikisikia umenyamaza naanza kukuuliza bei ya ndizi. Kwenye karatasi huwezi kuninyamazia. Barua anakuletea Loai, mtoto wa nduguye wifi yako Balqees, anakuja huko Unguja kwa harusi. Nimempa na halwa bakuli mbili. Moja yako, na moja usimwoneshe Azzam.

Haya, nianze na kubwa. Injini ya Baba nimeitoa. Ndiyo, ile ile, ya Cressida, iliyokuwa ikikupeleka skuli. Kama umesimama, kaa. Haijauzwa wala haijatupwa, iko uani, nimeipaka mafuta nikaifunika turubai. Sasa nipe nafasi nikueleze.

Sababu ni Khalti Hamdiya, nduguye Mama. Tangu Mfungo Mosi, baada tu ya Ramadhani, figo zinamsumbua, hatoki tena nyumbani kwake Bustan, basi Mama ndiye anayemwendea kila Alhamisi. Unawajua hao wawili. Wakikutana wanagombana juu ya nani alivunja birika gani huko Vuga, Unguja, kabla sisi hatujazaliwa, na wasipoonana wiki moja Mama hata chakula hakimpiti.

Na Mama hapandi gari jingine. Langu liko juu, magoti yake hayafiki. Mara ya kwanza nlipotaka kumnyanyua alinitazama kwa jicho nnalolijua tangu utotoni, akasema: "Mimi si gunia la mchele." Teksi nazo anasema milango yake haifunguki mpaka mwisho. Cressida ndiyo lake: anakaa kwanza, kisha anaizungusha miguu taratibu, kisha anauliza mbona bado hatujaondoka.

Tabu ni kile kilima cha kuingilia Bustan. Mwezi wa nane tulikuwa mimi, Mama, Balqees na sufuria ya biriani. Katikati ya mlima gari likakohoa, likasimama, likaanza kurudi nyuma. Breki nimeikanyaga kwa miguu miwili. Balqees karuka nje, kafungua buti, kalitoa lile jiwe la Baba tulilokuwa tukimcheka nalo, kalitia nyuma ya gurudumu. Mama ndani anasoma Ayatul Kursiy, mikono yote miwili juu ya sufuria. Tulirudi nyumbani, na wiki tatu zikapita bila ya Bustan. Mama akawa anaacha nusu ya sahani, na mimi nikawa silali.

Basi nikamwita Yaqdhan, mtoto wa Khalti mwenyewe. Wewe ulimwacha jeshini, sasa kastaafu, miaka thelathini kwenye karakana. Kaisikiliza injini, kaizima, kaniambia ya Mungu mengi lakini hii imeshakula umri wake, na hata tukiifungua tukaitia vipuri vipya itarudi na nguvu zile zile za zamani ambazo pale mlimani hazitoshi. Kashauri tulitie ya silinda sita badala ya nne. Tukaenda Rusayl, kwenye ghala moja la injini zilizotumika kutoka Japani, tukachagua moja. Nikamwuliza itaingia? Kasema itaingia. Nikamwuliza tena tulipofika nyumbani, akaniambia nikalete chai.

Ilituchukua Ijumaa sita, baada ya Sala mpaka Magharibi. Winchi ya mnyororo tuliitundika kwenye chuma cha kivuli cha gari. Injini ya Baba ilipanda juu, ikaning'inia. Yaqdhan kavua kofia yake. Mimi nilijishughulisha na kutafuta spana niliyokuwa nimeishika.

Ile mpya ilikataa kuingia siku ya kwanza. Mama katoka na chetezo na udi, kasema kitu kilichotumiwa na watu tusiowajua hakikai ndani ya gari la mumewe bila ya kufukizwa. Yaqdhan kamwomba kwa heshima zote asimame mbali na petroli. Kafukiza kutoka kizingitini, kasoma alivyosoma, karudi ndani. Baada yake tukaona kuwa sampu, lile bakuli la mafuta la chini, linagonga chuma cha mbele. Ikabidi likatwe na kuchomelewa upya. Kisha feni ikagusa rejeta. Kisha boneti haifungi, imebaki vidole viwili. Mgongo wangu ndipo ulipokwenda, hapo kwenye boneti.

Ijumaa ya sita ikawaka. Mastura, nlifurahi mpaka nikamkumbatia Yaqdhan na grisi zake. Mama alisimama akaisikiliza, kisha akasema inanguruma mno, Baba yenu angeona haya na majirani. Lakini niliona anatabasamu. Aliniuliza Alhamisi ni lini, kama kwamba siku zimebadilishwa.

Alhamisi hiyo hatukwenda. Asubuhi yake nililipeleka gari ukaguzini, nikamweleza afande kila kitu kwa fahari, tena nikamfungulia boneti mwenyewe. Mtu wa adabu sana. Katazama nambari ya injini, katazama mulkiya, ile kadi ya gari, kaona haziwafikiani. Kaniambia idhini huombwa kabla ya kubadilisha, siyo baada, na anayeomba ni mwenye gari. Kisha akauliza huyu Saeed mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia yuko Amerat, makaburini, mwaka wa sita sasa. Kamrehemu, tena kwa moyo, kisha akanielekeza: warithi wote watie saini, gari lihamishwe jina, ndipo shauri la injini liangaliwe. Mpaka hapo lisitembee barabarani.

Hilo ndilo kosa letu, na ni letu sote. Miaka mitano kila mmoja anasema jina tutabadilisha mwakani. Kila mwaka unafika ujumbe kwenye simu ya Baba, "Ndugu Saeed, bima ya gari lako inakaribia kwisha," na Mama humtaka Balqees amsomee mara mbili. Nani angekuwa na moyo wa kulifuta jina hilo?

Na warithi ni watatu. Mama, mimi, na wewe.

Kwa hiyo nakuomba radhi, ndugu yangu. Gari lina fungu lako na nimelikata, nimelichomelea, nimelitoa moyo wake bila ya kukuuliza. Si kwamba nlisahau. Nliogopa. Baba alipokufa viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa kwa korona, hukuwahi kumzika, na viwanja vilipofunguliwa ulisema huwezi kuja kuliona gari limekaa pale bila ya mwenyewe. Tangu hapo mimi nnatembea na neno hilo. Mama naye alituambia mapema: "Msimwambie Mastura. Atasema kilichobaki cha baba yake huku nini." Basi tukanyamaza, na wewe kwenye simu ukanyamaza, tukawa wote tunaongea bei ya ndizi. Nimechoka na ndizi. Ukiniambia nirudishe injini ya Baba, nitairudisha, na Yaqdhan keshakubali kunisaidia, ingawa alitukana kidogo.

Sasa ile karatasi. Loai atakwambia kwamba nilimwambia mna karatasi humu ya wewe kunipa wakala wa kutia saini kwa niaba yako, uitie saini huko kwa wakili na kunirudishia naye. Usiitafute, haimo. Balqees aliichapisha, mimi niliikunja na kuitia ndani ya bahasha hii, tukaketi kunywa kahawa. Mama akaomba aione. Kaisoma pole pole na miwani yake, kaikunja, kaitia chini ya msala anaosalia, na huko ndiko ilipo mpaka leo. Kasema: "Saini haitumwi pamoja na halwa. Aje aitie hapa, mbele yangu, ndani ya gari la baba yake."

Nikamwambia Mama, Mastura ana kazi, ana mtoto skuli, huenda akachukua miezi, na Khalti Hamdiya anangoja. Nikamwambia karatasi ikirudi na Loai, baada ya wiki mbili tuko Bustan. Alikwenda jikoni, karudi na kile kibao cha mbuzi ya nazi alichotoka nacho Unguja, kakiweka chini mbele ya mlango wa gari langu, kanyoosha mkono nimshike.

Alhamisi hii tulikwenda Bustan kwa gari langu. Mimi nlimnyanyua upande mmoja, Yaqdhan upande wa pili, Balqees nyuma. Hakusema gunia. Alipofika juu alikiweka sawa kilemba chake, akatazama mbele, akasema twende, na kibao tukikunje tukiweke, kitatumika mpaka mwanawe aje.

Salamu zako kutoka kwa Balqees, kwa Yaqdhan, na kwa Khalti Hamdiya, anayesema birika la Vuga ulilivunja wewe, jambo ambalo haliwezekani. Nisalimie Azzam, nibusie Lujain. Mungu akuwekee nyumba yako katika amani, akufungulie njia, akulete salama.

Mama hakukuletea salamu. Nlimwuliza mara mbili. Kasema ziko hapa, uzifuate.

Kaka yako akupendaye siku zote,
Humaid