Daftari Nililolianza Nyuma

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Pande hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwachia, alhamdulillahi, sasa anadai pweza.

Umeniuliza umfanyeje yule mzee wa darasa la watu wazima unalofundisha, aliyechekwa siku ya kwanza asirudi tena. Mimi pia nusura nisirudi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba ndiyo kwanza inaingia. Mama yako alikuwa ameolewa Lindi, kule Rasbura, na barua zake nilisomewa na jirani, siri zetu zote zikaishia kisimani. Nikaenda kisomo. Mwalimu aliposema tuandike, nikalifungua daftari kwa nyuma, nikaanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyoandika chuo cha Kurani utotoni. Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikavuta kanga usoni, nikainuka niondoke.

Mwalimu, binti wa Kimakonde, Mkristo, akalishika daftari langu. "Mama, kumbe wewe msomaji! Hebu tusomee ulichosoma chuoni."

Nikasoma. Nilipomaliza, wale wale waliocheka wakaitikia amina.

"Basi kazi yetu ni kugeuza upande tu," akasema. Weee, nilivyoshusha pumzi siku ile!

Mfuate huyo mzee kwake, mwanangu. Muulize kwanza anajua nini.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara mbili. Jirani yule bado ananiuliza umeandika nini.

Bibi yako, Pande