Mkate wa Bi Batul

Jumapili, 11 Nisani

Nina mchumba! Tangu leo mchana.

Bi Batul, jirani yetu Mwislamu, alikuja kwa shangazi Tamar kumposea mwanawe binti wa pale, Gohar. Kumkatalia hivi hivi ni hatari. Kwake sisi ni Waislamu wenzake, tangu wazee wetu waliposilimishwa kwa nguvu hapa Mashhad; hajui kwamba kwa siri tungali Wayahudi. Shangazi hakusita. Eti amechelewa, Gohar ana mchumba tangu utotoni. Nani huyo? Shangazi akatazama huku na huku, akaniona mimi mlangoni na kikapu cha vitunguu.

"Si huyu hapa, Abdulkarim."

Abdulkarim ni jina langu la sokoni. Nyumbani ni Nataneli. Gohar akavuta shela usoni — anacheka, nimeona mabega yakitikisika.

Jumatatu, 12 Nisani

Baba kakubali. Tena kanicheka. "Punda wewe, miaka yote hii vitunguu kwa shangazi yako, ulidhani hatuoni?" Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi hakucheka. Alikuwa mtoto mtaa ulipovamiwa, sinagogi likachomwa, watu wakauawa. Kasema uongo wa Tamar ukijulikana, hatutaumia sisi tu, mtaa mzima utaumia. Nikaingiwa na hofu. Kisha furaha ikarudi, sina hata haya.

Jumanne, 13 Nisani

Balaa! Bi Batul ataleta mkate wa moto kesho alasiri, mimi na Gohar tuumege na kuula mbele yake. Baraka ya posa, anasema.

Kesho! Asubuhi tunachoma kila chembe ya chachu, jioni Pasaka inaingia. Wazee wetu walitoka utumwani Misri na unga usioumuka mabegani, na tangu hapo mkate wa chachu haugusi mdomo wetu siku za Pasaka. Hata humu mafichoni tumeshika hilo.

Baba anasema kuokoa roho za watu kunaruhusu. Bibi anasema hakunusurika moto ule ili aje kuona mjukuu wake anatafuna chachu. Wamezozana mpaka chai ikapoa. Gohar hakuna aliyemuuliza.

Jumatano, 14 Nisani

Tumeshachoma. Bi Batul yuko chini hapa kwa shangazi, mkate uko mapajani mwake ndani ya kitambaa, harufu imenifikia hadi huku juu. Hafungui mpaka bwana harusi ashuke. Kavaa nguo mpya, anatuombea watoto saba. Hana ubaya wowote, na hilo ndilo linaniuma.

Baba kaita mara mbili. Nimeshindwa kusimama.

Gohar kapita sasa hivi mlangoni na sinia ya chai. Hakusimama, kaninong'oneza tu: "Shuka, Nataneli. Naanza kuumega mimi. Kama ni dhambi, ianzie kwangu."

Mke wangu huyo! Baba anaita tena. Nashuka —