Dada Yako Si Wewe, Hodan

Hodan, mwanangu,

Allah akutilie nuru huko ulikolala. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichonifundisha kuandika, na nikiyasema haya kwa mdomo hapa mtaani Waberi, yatafika kwa jirani kabla sijamaliza.

Tangu tukuzike, binti yako Ilhan ameota meno, anatambaa. Hataki kubebwa na mtu ila mdogo wako Fardosa. Hilo ndilo limetuponza. Watu wa mume wako Abdi walikuja kutoka Liboi. Wanataka Fardosa aolewe na Abdi, akae mahali pako, kama ilivyo desturi yetu mke akifa akaacha dada. Tukikataa, wanamchukua mtoto akalelewe na bibi yake huko mpakani. Baba yako anageuza tasbihi tu. Fardosa naye, hata chuo cha uuguzi hajamaliza, ananiambia, "Hooyo, mama yangu, ukisema ndiyo nitaenda." Afadhali angelia. Nimebanwa, mwanangu. Kila ninakogeuka kuna mtoto wa kupoteza.

Shangazi yake Abdi aliniuliza, "Tumbo moja, damu moja, tofauti iko wapi?" Nikamimina chai mpaka ikafurika kikombe.

Jibu limenijia leo nikikanda unga. Unakumbuka ulipokuwa ukisoma baiolojia yako jikoni, nikakuuliza, seli ikigawanyika si inatoa mapacha? Ukasema si kila mara. Ukachukua donge langu lenye zabibu, ukazisukuma zote upande mmoja, ndipo ukakata. Nikasema basi kisu ndicho kikorofi. Ukacheka. "Hooyo, kisu hakina kosa. Mambo yaliamuliwa kabla." Ukanieleza kuwa kuna protini zinazoshika upande mmoja wa seli na kuzifukuza nyingine hadi upande wa pili, kisha seli inajipanga ikatike katikati yake. Seli mbili zinazotoka humo ni kama mabinti: urithi wanapata sawa, lakini zile protini hawagawiwi sawa. Mmoja anabaki kama mama yake, mwingine anaenda kuwa kitu kingine kabisa. Nikasema huo ni upendeleo. Ukanijibu, "Wote wangefanana, nani angekuwa jicho, nani angekuwa mfupa?"

Wazee wa kwao Abdi wanarudi baada ya alasiri. Sijui kama watasikiliza habari za seli kutoka kwa mama ambaye hakumaliza hata darasa la tatu. Lakini nitawaambia: Hodan na mdogo wake walitoka tumbo moja, hawakuwa mtu mmoja, na Fardosa simtoi awe kiraka.

Na wakimchukua Ilhan... nitamfuata. Unajua ninavyoiogopa barabara ya Liboi. Nitapanda gari hivyo hivyo, nikae mlangoni kwao mpaka wachoke kuniona, asije akakua bila kuijua sura yangu. Hiyo ni ahadi.

Lala, mama. Usinikasirikie jioni hii ukiona mikono yangu haina mtoto.

Hooyo wako