Turubai Nililoishonea Mashine ya Kliniki

Kashikishi, mvua za mwisho wa mwaka 1999

Mpendwa mume wangu, Bashi Ngosa,

Nakuandikia kwa Kiswahili chako, kile ulichonifundisha wakati ule ulipokuwa ukivuka ziwa kutoka Pweto kuja kutengeneza friji za wafanyabiashara wa samaki, nami nikiuza dagaa sokoni. Ukikuta makosa, cheka tu. Barua hii nimeianza mara nne tangu asubuhi. Nakaa, nasimama, natoka kutazama ziwa, narudi. Binti yako Ngosa amechoka kuniangalia. "Mayo, kaa basi," ananiambia mimi mama yake.

Moyo wangu uko kwenye ile baridi ya Juni. Upepo ulikuwa unavuma mchana kutwa, na majivu ya nyasi zilizochomwa yanatua mpaka kwenye sufuria. Pale kliniki, wewe fundi na mimi msafishaji, viyoyozi vyote viwili, klima kama unavyoviita, vilikuwa vimezimwa, cha chumba cha dawa na cha ofisi ya Bwana Chanda, msimamizi wetu. Alihofia vumbi litayaharibu yale masanduku ya nje kabla joto halijarudi. Akanipa turubai kuukuu la lori. "Mama Ngosa, lishonee koti sanduku la chumba cha dawa."

Nilishona siku tatu kwa sindano ya magunia, vidole vikaota malengelenge. Nilipokuonyesha, ulilizunguka ukitikisa kichwa.

"Ukifunika yote, maji inabaki ndani. Chuma inakula kutu, na panya inapata nyumba. Funika kichwa, mbavu uache."

"Bwana Chanda amesema koti."

"Bwana Chanda si fundi wa klima."

Nilinuna. Wewe hukubishana tena. Ulikata umeme wa sanduku lile, ukalipiga brashi polepole kama mtu anayemchana mtoto nywele, kisha ukaniacha nilivalishe koti langu. La ofisini Bwana Chanda alilizungushia nailoni mwenyewe, akalikaza kwa waya.

Halafu zikaja boti. Kila siku watu wa ng'ambo walishuka na magodoro, sufuria na vitoto vyao, wakikimbia vita. Asubuhi moja nilikuja na ndoo yangu nyuma ya kliniki, nikamkuta mwanamke ameegemea ukuta kando ya mashine, akijikinga na upepo. Alikuwa na kichanga cha siku chache kwenye kitenge kilicholowa maji ya ziwa. Na wewe ulikuwa umepiga magoti, unafungua mafundo yangu.

"Unafanya nini? Bwana Chanda atatufukuza!"

Hukugeuka hata. "Mama Ngosa, mashini haiko na baridi. Huyu mutoto ndiye iko na baridi."

Ulilifunga turubai kwenye nondo za dirisha, ukalivuta mpaka kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, likawa kibanda. Kisha ukatafuta kipande cha bati, ukakilaza juu ya sanduku na mawe mawili. Kichwa kimefunikwa, mbavu wazi. Siku ile nilipita pale mara nyingi kuliko kazi ilivyonihitaji. Upepo ulilivuta turubai huku na huku, na mishono yangu haikuachia. Nilifurahi, Bashi Ngosa. Sikukuambia.

Yule mama alikueleza anatoka upande wa kijiji cha mama yako. Wazee wengi, alisema, walishindwa kutembea, wakabaki. Ulimuuliza mara mbili kuhusu nyumba yenye mti wa machungwa mlangoni. Hakuijua. Tangu siku hiyo ulianza kula nusu sahani.

Malori ya kuwapeleka watu kambini yalipofika, ulilikunja turubai mwenyewe, ukamtwika yule mwenye kichanga. Bwana Chanda alikuwa safarini mjini Mansa. Aliporudi Jumatatu alikuta bati na mawe. Alikuita mchana, akakuambia ameshaambiwa nani aligawa mali ya kliniki, na usirudi kazini tena.

Jioni ulikaa mlangoni nami nasonga ubwali, ugali wetu. "Nani alinisema?" uliuliza. Hukuwa na hasira, ulitaka tu kujua. Nikasema sijui. Nikaendelea kusonga mpaka ubwali ukashika sufuria.

Wiki hiyohiyo ulifunga begi. Nilikushika shati. "Wenzako wanakimbia kule, wewe unakwenda?"

"Ningekuwa na kazi ningengoja vita ipungue. Sasa nangoja nini? Acha niende nitafute mama. Nitamuleta."

Ulimbeba Ngosa mpaka majini. Alilia kwa sababu kiatu chake kimoja kililowa, hakujua kingine cha kulilia. Mimi nilisimama nimekunja mikono kama mtu mwenye madai. Boti ilipoondoka ulipunga mkono. Wangu sikuunyanyua upesi, na mkono ulipofika juu, wewe ulikuwa umeshageuka.

Oktoba joto lilikuja kama tanuri. Bwana Chanda aliagiza fundi kutoka Mansa. Walipofungua ile nailoni ya ofisini, panya wakaruka. Nyaya zilikuwa zimetafunwa na kutu imekula miguu ya sanduku. Tukaenda kwenye lako. Niliondoa mawe na bati kwa mikono yangu, fundi akalisafisha kwa maji, akaunganisha umeme. Liliwaka mara ile ile. Dawa zikapona.

"Nani alifunika hivi?" fundi aliuliza.

Bwana Chanda alinitazama, akatazama chini. "Mama Ngosa, ukipata njia, mwambie mume wako nafasi yake ipo."

Nilikwenda chooni nikalia.

Tangu hapo kila boti inayotoka ng'ambo naiendea. Mfanyabiashara mmoja wa chumvi anasema alimwona fundi mrefu akitengeneza friji karibu na Pweto, amemshika mkono mama mzee. Mwingine anasema huko hakuna tena mtu wa friji. Namwamini wa kwanza asubuhi, wa pili jioni. Barua hii nampa yule wa chumvi, anavuka kesho.

Nimeandika yote haya nikilizunguka neno moja. Sasa naliandika. Ni mimi niliyekutaja. Jumatatu ile, kabla hajakuita, Bwana Chanda alitupanga wafanyakazi watatu ukumbini, akasema asipojua ukweli tutaondoka sote. Nikamwona Ngosa bila chakula, nikasema, "Ni mume wangu." Haikuchukua muda hata wa kumeza mate. Sikuwa nimefikiri utafukuzwa. Labda nilifikiri. Sijui tena.

Mama yako kitanda chake kipo, nimekipeleka upande usiovuja. Njoo naye. Na kama umesoma hapa na moyo umechafuka, usibaki huko na hasira yako, ambako siwezi kuisikia. Rudi unikasirikie hapa, mbele ya uso wangu, siku nyingi kadiri unavyotaka.

Ziwa likupitishe salama.

Mkeo,
Mama Ngosa